Tangi la maji chumvi lina wiki saba, nataka kuweka anemoni Jumamosi. Naomba ushauri

KijanaWaTegeta

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mgeni kwenye maji chumvi, ila samaki wa maji matamu nimefuga miaka minne. Fundi wa vioo alinitengenezea tangi la sentimita 100 kwa 45 kwa 45, yaani kama lita 200. Ndani kuna mawe kilo 18, mchanga mweupe, pampu ya mkondo moja na samaki klauni wawili. Wana rangi ya kahawia inayokaribia weusi, mistari miwili myeupe na mkia mweupe. Nawapenda sana hawa samaki. Shida ni kwamba wanalala pembeni ya bomba la pampu kama wasio na makazi, na kila nikiwaangalia naona wanamtafuta anemoni wao, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri kama vidole ambaye klauni huishi ndani yake.

Muuzaji ameniambia tangi lenye wiki saba limeshaiva na kwamba ana anemoni mweupe kabisa, mzuri, atanitunzia hadi Jumamosi. Vipimo vya jana vya taka za samaki kwenye maji: amonia 0, nitriti 0, nitrati 25. Nimchukue?

Bamvua

Karibu sana, mdogo wangu. Kabla sijasema lolote naomba majibu ya mambo manne. Chumvi unapima kwa kifaa gani na inasoma ngapi? Joto la maji saa tisa mchana ni ngapi, na alfajiri ni ngapi? Maji yakipungua unaongezea nini? Na taa yako ni ya aina gani?

Jumamosi usiende.

KijanaWaTegeta

Asante kaka. Chumvi napima kwa kile kipimo cha plastiki chenye mshale, inasoma 1.023 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi). Joto mchana 30, alfajiri 27. Taa ni ya LED nyeupe, wati 20, ilikuwa ya sebuleni. Maji yanapungua kama lita moja kwa siku, naongezea maji ya bahari, nina madumu matatu jikoni muda wote ili yasipungukie.

Bamvua

Nashukuru umejibu kwa ukweli, maana jibu la maji ya kuongezea ndilo lililonishtua.

Maji yanapopungua kwenye tangi, kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi haipai. Ni kama sufuria ya mchuzi iliyoachwa wazi jikoni: maji yanaondoka, mchuzi unazidi kukolea. Wewe kila siku unaongeza lita moja ya maji ya bahari juu ya mchuzi uliokwisha kukolea. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi hivi. Kwa wiki ni gramu 245. Kwa wiki saba umeingiza karibu kilo moja na robo tatu ya chumvi ambayo haikutakiwa kuwemo. Hata kama ulibadilisha maji mara mbili tatu, tangi lako haliwezi kuwa 1.023. Kipimo cha mshale kikishika ukoko wa chumvi, mshale unakuwa mzito na kinasoma chini. Kikishika viputo vya hewa kinasoma juu. Tafuta mwenye refraktomita, kile cha kuchungulia kwa jicho, upime leo au kesho. Kilichopungua kwa mvuke kinarudishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha maji tu.

Samaki wakubwa wanavumilia mabadiliko ya namna hiyo kwa muda. Anemoni havumilii. Hana magamba, hana figo, mwili wake ni ngozi laini iliyojaa maji yaleyale yaliyo nje. Chumvi ikipanda, yeye ndiye wa kwanza kunywea.

Halafu huyo mweupe. Tafadhali sana usimnunue. Anemoni hawa wanaoishi na klauni hubeba ndani ya ngozi yao mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake, na sehemu kubwa ya chakula chake inatoka humo. Rangi yake ya kahawia au ya kijani iliyofifia ni ya huo mwani. Mweupe ametapika mwani wake wote kwa joto, giza au msukosuko wa safari. Anaonekana msafi kama theluji, kumbe ana njaa. Wengine huwatia rangi ya njano, ni walewale. Mtu mzoefu mwenye taa kali na subira anaweza kumwinua mgonjwa wa hivyo kwa miezi. Wewe kwa sasa huwezi, na taa ya sebuleni ya wati 20 haiwezi.

Sasa suala la wiki saba. Muuzaji hakukosea kwamba bakteria wameshajijenga, maana amonia na nitriti sifuri ndivyo zinavyosema. Hilo linawatosha samaki. Anemoni anataka maji ambayo jana, leo na kesho ni yaleyale, na tangi changa halina uwezo huo. Bado litapita kipindi cha vumbi la kahawia kwenye vioo, kisha kijani, kisha nyuzi, na kila kipindi kinabadilisha maji. Sisi wengi husema miezi sita kwa uchache, na mwaka ni bora zaidi. Sehemu ya muda huo ni ya tangi, sehemu nyingine ni ya mwenye tangi. Ungemweka anemoni wiki ya pili usingejua kosa la madumu hadi afe.

Kuna kisa nakipenda. Mwaka 1828 mtu mmoja wa Scotland, John Dalyell, aliokota anemoni ufukweni akamweka kwenye chupa ya kioo. Dalyell akafa mwaka 1851, anemoni akarithiwa na wengine, akaendelea kuishi hadi 1887. Miaka 59 ndani ya kioo! Hakukuwa na pampu wala taa ya umeme. Kulikuwa na watu waliombadilishia maji ya bahari bila kuchoka. Yule alikuwa wa bahari ya baridi na hategemei mwani, kwa hiyo chupa usiige. Lakini viumbe hawa hawazeeki haraka. Wakifa kwenye matangi yetu ndani ya miezi mitatu, mara nyingi tumewaua sisi.

MamaMatumbawe_Nyali

Msikilize kaka Bamvua, mwanangu. Mimi niko Mombasa, wa kwanza wangu nilimweka tangi likiwa na miezi miwili. Nilimlipia pesa nyingi na nilimpenda.

Siku nne alikaa pale nilipomweka. Usiku wa tano akaanza kutembea. Wengi hawajui kwamba anemoni hutembea: anaachia mguu wake, anateleza juu ya jiwe, akikosa mwanga au mkondo anaoutaka anazidi kwenda. Saa kumi na moja alfajiri niliamka kuswali, nikasikia pampu inakoroma. Nilipowasha taa maji yalikuwa meupe kama tui la pili. Alikuwa amenyonywa na pampu, nusu ya minyiri yake imekatwakatwa, vipande vinaelea kila pembe, na ute unaning'inia kwenye mawe kama kamasi. Ile harufu sijaisahau. Anemoni aliyekatika huachia sumu za visindano vyake na nyama yake huoza upesi, amonia inapanda kwa saa chache. Kufika adhuhuri nilipoteza samaki watano na kamba wangu wa kusafisha.

Kwa hiyo kabla hajaingia, kila pampu na kila tundu la kunyonya maji livikwe sponji nene au wavu. Uoshe hiyo sponji kila wiki maana inaziba. Na mpe jiwe lenye ufa wa kuingiza mguu wote. Akipata ufa anaoupenda na mwanga unaomtosha, ataganda hapo miaka.

Akihama ukataka kumrudisha, usimvute. Mguu ukichanika, mara nyingi ndio mwisho wake. Mzibie mwanga pale alipo, au elekeza mkondo wa maji kwenye mguu, ataachia mwenyewe.

Mzamiaji_Kilindoni

Shikamoo mama. Habari zenu wote.

Nimesoma maelezo ya samaki. Mistari miwili, mkia mweupe, mwili wa kahawia-weusi: huyo ni Amphiprion allardi, wa kwetu kabisa, anapatikana kuanzia Kenya kushuka hadi Durban. Mwingine wa huku ni Amphiprion akallopisos, rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mmoja mweupe mgongoni. Nalisema hili kwa sababu si kila anemoni anapokea kila klauni. Allardi baharini namkuta kwa anemoni wa aina tatu: Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama vipulizo vidogo, Heteractis aurora mwenye minyiri yenye mafundo kama shanga, na lile zulia kubwa Stichodactyla mertensii. Zulia linaweza kuzidi upana wa tangi lako zima. Kwa lita 200 ni huyo wa vipulizo tu, ndiye pia mvumilivu kuliko wenzake. Kuna zulia jingine linauzwa, haddoni, la mchangani. Huyo anakamata samaki na kuwala, wenye matangi madogo wakae naye mbali.

Jambo la pili linaniuma. Tafadhali usishawishike kwenda kumbandua mwenyewe Mbudya au Bongoyo maji yakipwa. Visiwa hivyo ni maeneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na hata pasipo sheria, mimi nimeona kinachobaki. Anemoni akiondolewa, wale klauni wake hawana pa kwenda. Hawaogelei mbali kutafuta nyumba nyingine. Wanazungukazunguka lile shimo tupu, na ukirudi siku mbili baadaye hawapo. Na miamba yetu imeshapigwa vya kutosha. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe pwani yote hii, na joto likizidi anemoni nao hupauka vilevile. Mmoja mkubwa anaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wewe.

Ukitaka anemoni, chukua kwa mfugaji ambaye wa kwake amejigawa. Hawa wa vipulizo hujigawa wenyewe kuwa wawili, na aliyezaliwa kwenye tangi ameshazoea tangi.

Sangara_Mwanza

Mimi niko mbali na bahari, natengeneza maji yangu kwa chumvi ya akwariamu, gramu 35 kwa lita. Nichangie kwenye maji ya kuongezea tu. Usitumie ya bomba moja kwa moja kwa sababu ya klorini, wala ya kisima, maana visima vingi vya pwani vina chumvi na nitrati zake. Tafuta maji ya RO, yaani yaliyochujwa hadi karibu chumvi na madini yote yametoka. Kwenye vituo vya kujaza maji ya kunywa uliza kama wamerudishia madini. Kipimo cha TDS, cha kupima madini yaliyoyeyuka majini, kinachotoshea mfukoni kitakuambia ukweli. Kikisoma karibu na sifuri, hayo ndiyo.

KijanaWaTegeta

Wakuu nimerudi. Nimeazima refraktomita kwa jamaa wa Mbezi. Kwanza tukaisawazisha kwa maji safi ikasoma sifuri sawasawa. Kisha tone la tangi langu: 1.030. Nilipima mara tatu. Nikatoa kile cha mshale nikakitazama kwa tochi, kweli kina ukoko mweupe kwenye mhimili wa mshale.

Nimekaa chini nikawatazama wale samaki. Wiki zote nilidhani wanalala kwenye bomba kwa upweke. Nishushe vipi bila kuwaua?

Bamvua

Usiumie sana, umewahi. 1.030 ni kama gramu 40 kwa lita. Kuna bahari zenye chumvi hiyo, ile ya Ghuba kule Doha na Abu Dhabi inafika hapo, ila viumbe wake wameizoea.

Shusha polepole. Kila siku toa lita mbili tatu za tangi, rudisha maji ya RO kiasi hichohicho, pamoja na yale ya kufidia mvuke. Usishushe zaidi ya alama moja, yaani 0.001, kwa siku, na ukienda taratibu zaidi ya hapo ni heri. Simama kwenye 1.025. Baada ya hapo chora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika, maji yasishuke chini ya mstari huo zaidi ya unene wa kidole.

Joto: weka feni ya mezani ipulize uso wa maji, itashusha digrii mbili hadi tatu. Mvuke utaongezeka, labda lita tatu kwa siku badala ya moja, kwa hiyo ukisahau kuongezea siku tatu chumvi itaruka. Lengo lako ni 26 au 27, mchana na usiku. Na nunua pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika usiku wa manane, kinachoua ni kukosa hewa.

Maji ya bahari ya kubadilishia chukua nje ya mwamba wakati yamejaa, kamwe si baada ya mvua za masika mito ikiwa inamwaga tope na taka.

Taa nunua ya matumbawe. Hiyo ndiyo gharama kubwa iliyobaki, anza kudunduliza.

Tandale_Reef

Kwa heshima zote kaka Bamvua, wangu nilimweka wiki ya nne na huu ni mwaka wa pili, mzima kabisa. Mnawatisha vijana.

Bamvua

Nakuamini ndugu yangu, na nafurahi yuko hai. Lakini mawe yako ulitoa wapi?

Tandale_Reef

Kwenye tangi la rafiki yangu aliyehama nchi. Alinipa yote, na nusu ya maji yake.

Bamvua

Basi tangi lako lilikuwa na wiki nne za kioo na miaka kadhaa ya mawe. Bakteria, wadudu wadogo, sponji za kwenye nyufa, vyote ulivirithi. Kijana ameanza na mawe makavu. Hamuwezi kuhesabiwa umri kwa kalenda moja.

Tandale_Reef

Hapo umenielewesha. Sikuwa nimefikiria mawe.

Zahra_Maskati

Salaam alaykum. Nawafuatilia kutoka Oman. Sisi huku tuna klauni wetu, Amphiprion omanensis. Swali langu kwa mama wa Nyali: chakula mnampa mara ngapi? Wangu namlisha kila siku na anatapika.

MamaMatumbawe_Nyali

Waalaykum salaam binti. Punguza. Kipande cha kamba mbichi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, mara moja kwa wiki inatosha, mbili ukipenda. Kipande kikubwa anakimeza, kinaozea tumboni, anakirudisha na ute. Na kama klauni wako wamo ndani yake, wao pia wanamlisha: kinyesi na mkojo wao ni mbolea kwa ule mwani wake, na usiku wanapopepea mapezi humpelekea maji mapya. Wakati mwingine ananywea akawa kama soksi iliyolowa ili kutoa maji machafu mwilini, baada ya saa chache anajaa tena. Hilo lisikutishe. La kutisha ni mdomo kubaki wazi siku nzima, mguu kushindwa kushika, na harufu. Ukiona hayo, mtoe palepale.

KijanaWaTegeta

Wakuu, ni miezi minane tangu nifungue uzi huu. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nasubiri kama mlivyoniambia.

Vumbi la kahawia lilikuja, likaondoka. Nyuzi za kijani nilizivuta kwa mkono kila Jumapili kwa miezi miwili, nikakaribia kukata tamaa, kisha konokono wakazizidi nguvu. Nitrati iko kati ya 5 na 10. Feni inafanya kazi, joto halivuki 27. Pampu zote mbili zimevikwa sponji. Dumu la RO nimelifunga utepe mwekundu na la bahari wa bluu, maana siku moja mdogo wangu alitaka kunisaidia akabeba lisilo lenyewe.

Wiki iliyopita kaka Bamvua alinipigia, wa kwake amejigawa. Nilivuka na pantoni kwenda Kigamboni na ndoo yenye mfuniko. Nilimwona kwanza akiwa tangini: kahawia yenye kijani, mdomo umefumba, amebana kijiwe kiasi kwamba tulimbeba na kijiwe chake. Nyumbani nilizima taa, nikampa matone ya maji yangu kwa mpira mwembamba saa moja na nusu, nikaweka kijiwe kwenye ufa na kupunguza pampu.

Siku ya kwanza alinywea. Ya pili akahama kama kiganja kimoja kulia, nililala sebuleni. Ya tatu mguu ukazama wote ndani ya ufa. Leo ni siku ya sita.

Jike, yule mkubwa, alimsogelea jana jioni. Aligusa mnyiri mmoja kwa ubavu, akaruka nyuma kama aliyeunguzwa. Akarudi, akagusa kwa mkia. Alifanya hivyo karibu dakika arobaini, kila mara akikaa kidogo zaidi, hadi nikaona kichwa chake kimepotea katikati ya minyiri na mkia mweupe peke yake unatikisika nje. Dume bado anachungulia. Asubuhi hii nimewasha taa, bomba la pampu halina mtu.

Nimlishe lini kwa mara ya kwanza?

Bamvua

Nimefurahi mpaka nimemwita mke wangu aje asome. Subiri siku nne nyingine, kisha kipande kidogo kama alivyosema mama. Jike akikinyang'anya, mwache. Chumvi leo inasoma ngapi?

KijanaWaTegeta

1.025. Nimepima mara tatu.